Kwa nini vichwa vya jedwali hukatika, na kwa nini Kiswahili huumia zaidi

Jumapili moja jioni mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alituma picha ya hesabu za mwezi kwenye kundi la WhatsApp. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Kila hisa, kila mkopo, kila rejesho na kila faini ya kuchelewa kikaoni ilikuwa imeingizwa kwenye Excel bila kuruka jina hata moja. Haikupita nusu saa, maswali yakaanza kumiminika. "Dada mhazini, hii Jumla ya ya pili ni ya kitu gani?" Mwingine akaona laki tatu mbele ya jina lake, akasema hajawahi kununua hisa za laki tatu tangu ajiunge, kumbe alikuwa anasoma safu ya mikopo. Wa tatu akaandika kwa kifupi tu: "Kuna nini mnatuficha?"

Juu ya zile namba palikuwa na safu nne, na vichwa vya zote nne vilisomeka sawasawa: Jumla ya, Jumla ya, Jumla ya, Jumla ya.

Mhazini alinipigia akiwa na uchungu. "Kaka, mimi nimeandika kila kitu. Njoo uone mwenyewe." Nikaenda, nikaona. Kweli alikuwa ameandika: Jumla ya hisa zilizonunuliwa, Jumla ya mikopo iliyotolewa, Jumla ya marejesho yaliyopokelewa, Jumla ya faini zilizolipwa. Maneno yote yalikuwamo ndani ya faili, ila hayakupata nafasi ya kuonekana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaangalia kwa makini majedwali yanayozunguka kwenye simu zetu, ya walimu, ya kamati za harusi, ya vyama vya ushirika, na jambo hili naliona tena na tena. Watu wanashukiana juu ya fedha na alama kwa sababu ya kisanduku chembamba.

Kabla ya kufika mbali, tuelewane juu ya maneno. Lahajedwali ni daftari la hesabu la kwenye kompyuta au simu: Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc zote ni za ukoo huo. Ukurasa wake umegawanywa kwa mistari. Ule mpangilio unaoshuka kutoka juu kwenda chini ni safu wima, ambayo wengi tunaiita kolamu. Humu nitaiita safu tu. Unaokwenda kushoto hadi kulia ni safu mlalo, nitauita mstari. Panapokutana safu na mstari pana kisanduku, wengine husema seli. Na kichwa cha safu ni maandishi unayoweka kwenye kisanduku cha juu ili msomaji ajue namba za chini yake ni za nini. Zile herufi A, B, C zilizo juu kabisa ya ukurasa ni za programu yenyewe, hazihusiani na ulichoandika.

Sasa, kichwa hukatikaje? Fikiria siti ya watu wawili kwenye daladala. Ukikaa peke yako unaweza kujinyoosha, mkoba wako ukauweka pembeni, na hakuna atakayekuuliza. Akija abiria wa pili, unajikunja urudi kwenye nafasi yako. Maandishi kwenye lahajedwali yana tabia hiyohiyo. Ukiandika maneno marefu kwenye kisanduku, na kisanduku cha kulia kwake ni kitupu, maneno yatajinyoosha juu ya nafasi ya jirani na utayasoma yote. Siku utakapoandika chochote kwa jirani, hata nukta moja, maneno yako yatakatwa pale mpaka ulipo. Ndiyo maana mtu anayeandika vichwa kutoka kushoto kwenda kulia huona kila kichwa kikiwa kizima wakati anakiandika, halafu akigeuka kutazama kazi yake anakuta vyote vimekatika isipokuwa cha mwisho. Cha mwisho kimesalimika kwa sababu hakina jirani.

Namba hazina ruhusa hiyo ya kujinyoosha. Namba ikikosa nafasi, Excel huweka alama za reli, ####, na watu wengi huogopa wakidhani hesabu imeharibika. Naona uamuzi huo ni wa busara. Neno likikatwa, mara nyingi msomaji anajua limekatwa. Namba 1,250,000 ikikatwa ikabaki 1,250, hakuna atakayegundua, na mtu ataondoka akiamini kwamba kikundi kina shilingi elfu moja na mia mbili hamsini. Bora usione kitu kuliko uone uongo. Ukikutana na #### kwenye safu ya fedha, panua safu tu, namba itarudi ilivyokuwa.

Swali linalofuata ni upana wenyewe unatoka wapi. Kwa miaka mingi safu mpya ya Excel imekuja na upana wa 8.43. Hizo si sentimita. Ni idadi ya sifuri zinazoweza kukaa kwenye kisanduku kwa mwandiko (fonti) wa kawaida wa faili, ambao kwa muda mrefu ulikuwa Calibri wa ukubwa wa 11. Kwa hiyo safu ambayo hujaigusa ina nafasi ya herufi nane na kidogo. Herufi nyembamba kama i na l zitaingia zaidi, m na w zitaingia pungufu, lakini nane ndiyo kadirio la kushika kichwani. Google Sheets ina ukarimu kidogo, huanza na pikseli 100, yaani nukta mia ndogondogo za skrini, ila tabia ni ileile.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana sijaona watu wakilizungumza jambo hili na mimi naliona ndilo kiini chenyewe.

Hesabu herufi za Jumla ya. Tano, nafasi moja, mbili: nane. Hesabu Idadi ya: nane. Namba ya: nane. Tarehe ya na Kiasi cha ni tisa. Maneno tunayoyapenda kuanzia vichwa vya majedwali yetu yote yanaishia hapohapo kwenye ukingo wa kisanduku, na neno lenye habari linaanzia upande wa pili wa ukuta. Kiswahili hutaja kwanza kitu, kisha yanafuata maelezo yake: jumla ya mikopo, idadi ya wasichana, tarehe ya kuzaliwa. Tofauti inakaa mwishoni. Mwingereza hupanga kinyume. Ni kama kwetu tungesema mikopo jumla, wasichana idadi. Kichwa chake kikikatwa, mara nyingi kinachobaki ni lile neno linalotofautisha. Chetu kikikatwa, kinachobaki ni lile neno ambalo kila safu inalo. Programu ileile, upana uleule, lakini msomaji wa Kiswahili anapoteza zaidi.

Na ndani ya neno lenyewe kuna mtego mwingine. Vitenzi vyetu hubeba viambishi mbele na mzizi nyuma. Waliofaulu na waliofeli wanafanana kwa herufi sita za kwanza, na mtihani mzima unaamuliwa na zile zinazobaki. Wakati mwingine mambo yanageuka: mikopo iliyorejeshwa na mikopo isiyorejeshwa zinatofautiana kwa herufi moja tu, ile l na ile s, na zimezungukwa na herufi kumi na mbili zinazofanana. Kwenye skrini ya simu yenye mwanga hafifu, herufi moja hiyo ndiyo tofauti kati ya fedha iliyorudi na fedha iliyopotea.

Wachora vibao vya daladala za Dar es Salaam walilielewa jambo hili zamani sana, na hawakuhitaji kompyuta. Kibao ni kidogo na jina la mahali ni refu. Kariakoo ikawa K/KOO. Gongo la Mboto ikawa G/MBOTO. Mwananyamala ikawa M'NYAMALA. Tazama wanachokata: wanakata mbele au katikati, mkia wanauacha, kwa sababu jicho la abiria linatambua mkia. Kama wangekata kama Excel inavyokata, Mbezi Beach na Mbezi Luis zote zingesomeka Mbezi, na moja iko Barabara ya Bagamoyo wakati nyingine iko Barabara ya Morogoro. Mgeni angefika usiku upande wa pili wa jiji.

Turudi kwenye jedwali. Ukipokea faili lenye vichwa vilivyokatika na unataka tu kulisoma, huna haja ya kubadilisha kitu. Bofya kisanduku cha kichwa mara moja, kisha tazama ule upau mrefu mweupe ulio juu ya ukurasa, upau wa fomula. Maneno yote yamo humo. Kwenye simu, gusa kisanduku, maneno yake yataonekana kwenye upau wa kuandikia. Hii ndiyo njia ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichofutwa.

Ukitaka kulirekebisha kwa ajili ya wengine, dawa ya kwanza inayojulikana ni kupanua safu. Peleka kishale cha kipanya juu kabisa, kwenye mpaka kati ya herufi mbili, tuseme kati ya B na C. Kitageuka kuwa alama yenye mishale miwili. Bofya mara mbili kwa haraka, safu ya B itajipima yenyewe kulingana na maandishi yake marefu zaidi. Ukitaka zote kwa pamoja, chagua ukurasa mzima kwa kubofya ile kona ya juu kushoto, halafu bofya mara mbili kwenye mpaka wowote.

Njia hiyo ina mtego ambao umewachosha wengi. Sisi tuna desturi ya kuweka anwani ndefu, yaani jina la jedwali zima, kwenye kisanduku cha kwanza kabisa, A1: TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI YA KIKUNDI KWA MWEZI WA MACHI. Safu ya A ikijipima, itaona sentensi hiyo na kujitanua mpaka ijaze skrini nzima, wakati chini yake kuna namba za mfululizo 1, 2, 3 tu. Suluhisho ni kuchagua visanduku kuanzia mstari wa vichwa kwenda chini, bila ile anwani, kisha uende Home, Format, halafu AutoFit Column Width. Hapo Excel hupima ulivyovichagua tu.

Tatizo la kupanua ni kwamba karatasi ina mwisho, na simu ina mwisho ulio karibu zaidi. Safu nne ukizipanua zote, msomaji wa simu ataona mbili. Ndipo inapoingia dawa ya pili, kukunja maandishi, kitufe kilichoandikwa Wrap Text. Badala ya kichwa kwenda kulia, kinashuka chini kwa mistari miwili au mitatu ndani ya kisanduku hichohicho, kama mtu anayekunja kanga iingie kwenye begi dogo. Kwenye Google Sheets ya simu utakipata kwa kugusa alama ya kupamba maandishi, ile herufi A yenye mistari, kisha upande wa kisanduku. Kwa vichwa vingi hii ndiyo njia bora, na kama utajifunza kitufe kimoja tu kutoka humu, jifunze hiki.

Lakini kukunja kunategemea nafasi kati ya maneno. Neno likiwa refu kuliko safu yenyewe, programu italikata popote inapofikia ukuta, na maneno yetu ni marefu. Iliyorejeshwa inaweza kugeuka iliyorejes juu na hwa chini. Hilo halisomeki vizuri, na kwa mtu mwenye macho ya shida halisomeki kabisa. Kwa hiyo kunja, kisha panua kidogo mpaka neno refu kuliko yote likae zima kwenye mstari wake. Ukitaka kuamua mwenyewe neno lishukie wapi, weka kishale mahali hapo ndani ya kisanduku na ubonyeze Alt pamoja na Enter. Kwenye LibreOffice ni Ctrl na Enter. Tahadhari moja: kama faili litapelekwa kwenye programu nyingine, ya takwimu au ya malipo, usitumie mkato huo wa mstari ndani ya kichwa. Programu nyingi huusoma kama mwisho wa mstari na kuvuruga jedwali zima.

Wakati mwingine umekunja na bado unaona mstari mmoja tu. Mara nyingi sababu ni kwamba kuna mtu aliwahi kuuvuta ule mstari kwa mkono na kuuwekea urefu maalumu, na Excel inauheshimu. Bofya mara mbili kwenye mpaka wa chini wa namba ya mstari huo, upande wa kushoto, utajipima upya. Sababu nyingine ni visanduku vilivyounganishwa, na hapo ningependa kuwasihi walimu wenzangu na makatibu wote: acheni kuunganisha visanduku kwenye mstari wa vichwa. Vinapendeza machoni, lakini vinazuia mstari kujipima, na siku utakapotaka kupanga majina kwa alfabeti, Excel inaweza kukataa.

Kuzungusha maandishi yasimame wima kuna mahali pake. Daftari la mahudhurio limefanya hivyo tangu enzi za karatasi: safu ni nyembamba kwa sababu kinachoingia ni alama ya vema tu, na vichwa vimesimama kama majina ya vitabu kwenye rafu. Kwa orodha ya masomo kumi au siku thelathini na moja, inafaa. Kwa fedha haifai, maana safu ya fedha tayari ni pana. Kile kitufe cha Shrink to Fit, kinachopunguza ukubwa wa herufi mpaka zienee, sikipendekezi kabisa. Kichwa kinakuwa kizima lakini kwa herufi ndogo kama za maelekezo ya dawa, na aliyeumia hapo ni mama mzee wa kikundi ambaye ndiye mwenye hisa nyingi.

Kuna pia kile kishale kidogo cha kuchujia kinachotokea kwenye kila kichwa ukigeuza orodha kuwa jedwali rasmi au ukiwasha kichujio. Kinakaa kona ya chini kulia na kufunika herufi za mwisho. Ongeza urefu wa mstari wa vichwa na uyapandishe maandishi yakae juu ya kisanduku. Kishale kitabaki chini na herufi zitaonekana.

Yote hayo ni matibabu ya nje. Ugonjwa wenyewe unatibiwa kwa kalamu.

Chukua vile vichwa vinne vya mhazini. Vyote vina Jumla ya. Kama neno liko kwenye kila safu, halitofautishi safu yoyote, basi nafasi yake ni kwenye anwani ya jedwali. Vyote pia ni vya shilingi. Nayo iende kwenye anwani. Vitenzi navyo havihitajiki, kwa kuwa hakuna mwanachama asiyejua kwamba hisa hununuliwa na mikopo hutolewa. Kinachobaki ni Hisa, Mikopo, Marejesho, Faini. Neno refu hapo lina herufi tisa. Anwani juu inasema: Jumla za mwezi wa Machi, kwa shilingi. Hakuna habari hata moja iliyopotea, na jedwali linaingia kwenye simu bila kuvutwa.

Fanya hivyo kwa jedwali la shule. Idadi ya wanafunzi waliofaulu na Idadi ya wanafunzi waliofeli vigeuke Ufaulu na Kufeli, au Faulu na Feli kama walimu wa shule yenu wanavyosema kwa mdomo. Wanafunzi wasiohudhuria wawe Watoro kama kweli ni watoro, au Hawakuja kama hujui sababu; maneno hayo mawili si sawa, na kichwa kifupi hakikupi ruhusa ya kumhukumu mtoto aliyekuwa hospitali. Tarehe ya kuzaliwa iwe Kuzaliwa. Namba ya simu iwe Simu. Kwa maneno mengine, lile neno lililokuwa mwishoni lije mbele, na lile lililokuwa mbele, kama bado lina kazi, lifuate.

Dodoso za mtandaoni zina hali yake mbaya zaidi. Ukitengeneza fomu ya Google ya kamati ya harusi, kila swali linageuka kuwa kichwa cha safu kwenye jedwali la majibu, lilivyo, neno kwa neno. Je, utahudhuria sherehe? Je, utakuja na mwenza? Je, utachangia kiasi gani? Vyote vinaanza na Je, ut. Swali kwa mgeni lazima liwe na adabu na liwe kamili, sipendekezi ulikate. Badala yake, majibu yakishaingia, nakili jedwali kwenye ukurasa mwingine na uweke vichwa vyako vifupi huko.

Watu wa tafiti hutenganisha mambo hayo mawili tangu mwanzo. Kila swali lina jina fupi la mashine na lina lebo ndefu ya binadamu. Kwenye data za utafiti wa afya na demografia unaofanyika Tanzania, Kenya na nchi nyingi nyingine, umri wa mwanamke aliyehojiwa umehifadhiwa kama v012, mkoa ni v024, na mjini au kijijini ni v025. Hakuna anayeweza kukisia, ila daftari la maelezo linakuja pamoja na data na linasema kila kitu. KoboToolbox nayo, inayotumiwa sana na wakusanyaji wa takwimu wa mashirika, hukuuliza wakati wa kupakua kama unataka vichwa viwe majina mafupi au maswali kamili. Ufupisho si kosa mradi uje na ufunguo wake.

Pasipo ufunguo, familia zinaumia. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hufungua ukurasa wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, na kukuta vichwa CNO, SEX, AGGT, DIV, na masomo yameandikwa CIV, KISW, B/MATH. Nimeshawahi kukaa na baba aliyefurahi kwamba AGGT ya mwanawe ni 31 na ya mtoto wa jirani ni 12. AGGT ni jumla ya pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1 na F ni pointi 5. Aliye bora kabisa ana 7, wa chini kabisa ana 35, na daraja la kwanza linaishia 17. Ilinibidi nimweleze taratibu. Mstari mmoja wa maelezo chini ya jedwali ungemwepushia baba yule saa nzima ya furaha isiyo yake.

Sasa kuhusu yale yanayosemwa mitaani. La kwanza, kwamba maneno yaliyokatika yamefutika na lazima uandike upya. Hapana, kama tulivyoona, yamefichwa tu. La pili, kwamba ukishapanua safu na kuhifadhi, umemaliza. Inategemea aina ya faili. Faili la kawaida la Excel linakumbuka upana. Faili la CSV, ambalo mifumo mingi hupenda kutoa, ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Halina mahali pa kuandika upana, rangi wala ukubwa wa herufi. Utapanua leo, utahifadhi, kesho utalifungua na kukuta kila safu imerudi kwenye 8.43. Wengi hudhani kompyuta ina kirusi. Suluhisho ni kulihifadhi kama faili la Excel kwanza, kisha ndipo upange upana.

La tatu ni kinyume cha la kwanza, na ndilo la hatari: kwamba kukatika siku zote ni jambo la macho tu. Zipo sehemu ambapo kichwa hukatwa kweli na hakirudi. Faili za ramani za aina ya shapefile huhifadhi majina ya safu kwa herufi zisizozidi 10. Mtu mwenye safu mbili, Jumla_ya_watu_wazima na Jumla_ya_watoto, akizipeleka huko zote mbili zinakuwa Jumla_ya_w. Programu ikiona majina yamegongana, hubandika namba kwenye moja, na unabaki na Jumla_ya_w na Jumla_ya_1. Ipi ni ya watoto? Faili lenyewe halikumbuki tena. Kama data zako zitapita kwenye njia ya namna hiyo, fupisha mwenyewe kabla mashine haijakufupishia, Watoto na Wazima, na uandike pembeni ulichofupisha.

Na mahali pengine ambapo maneno yaliyofichwa hugeuka kuwa yaliyopotea ni palepale tulipoanzia: picha. Faili ukilituma, mpokeaji anaweza kugusa kisanduku akasoma yote. Ukipiga picha ya skrini na kuituma, umetuma kile tu kilichoonekana. Anayeipokea hana kisanduku cha kugusa. Hali ni hiyohiyo kwenye karatasi iliyochapwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma picha, soma vichwa peke yake kutoka kushoto kwenda kulia, ukijifanya mtu ambaye hakuwahi kuona hesabu hizo. Orodha ikiwa ndefu, gandisha mstari wa vichwa kwa View, Freeze, ili ukishuka hadi jina la hamsini bado uone safu ni ya nini. Ukichapa kurasa nyingi, nenda Page Layout, Print Titles, uchague mstari wa vichwa ujirudie juu ya kila ukurasa. La sivyo ukurasa wa pili na wa tatu zitakuwa namba zisizo na majina.

Waliotengeneza programu za simu za benki na vikundi nao wangetusaidia sana hapa. Nyingi hukata kichwa na kuweka nukta tatu, zikitegemea kwamba utasogeza kipanya juu yake na maneno kamili yatatokea. Simu haina kipanya. Nukta tatu kwenye simu ni mlango usio na kitasa, isipokuwa aliyeitengeneza ameruhusu kugusa.

Mhazini wetu alibadilisha vichwa jioni ileile, mimi nikiwa nimekaa pembeni nakunywa chai. Ilimchukua chini ya dakika kumi. Akatuma picha mpya: Hisa, Mikopo, Marejesho, Faini. Kundi likanyamaza kidogo watu wakisoma. Kisha yule aliyeuliza juu ya laki tatu akaandika, "Sawa, huo ni mkopo wangu, ni kweli." Na yule aliyeuliza kinachofichwa akauliza swali jingine: mbona marejesho ya Machi yamepungua kuliko ya Februari? Mhazini akajibu kwamba wanachama wawili wameomba kusogezewa tarehe, na kikundi kikaanza kulijadili hilo.